Miguu Kwanza: Uhakiki wa Darubini ya Bei Nafuu

Boksi la darubini lina jalada, na jalada lina namba: 525x. Imechapwa kwa tarakimu nene za manjano, kubwa kuliko jina la kiwanda. Chini yake ipo Zohali, pete zimepangika safi, mistari ya gesi inahesabika. Pembeni amekaa mtoto wa miaka kumi hivi, anatabasamu, jicho kwenye lenzi mchana kweupe. Maboksi ya namna hii yanauzwa mtandaoni na kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na kwa mtu wa Makongeni ya Thika au Ruiru anayetaka kuanza kupiga picha za nyota, hilo ndilo andiko la kwanza analokutana nalo. Linastahili kuhakikiwa kama andiko jingine lolote, na kwa kuwa maudhui yake yote yamefichwa ndani ya fani, tuanze na fani.

Namba ile haikuokotwa hewani. Darubini inayouzwa nayo kwa kawaida ina kioo chenye kipenyo cha milimita 76 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ndani ya boksi mna lenzi za jicho mbili au tatu, iliyo kali zaidi ikiwa ya milimita 4, pamoja na kijibomba kiitwacho Barlow ambacho huzidisha ukuzaji mara tatu. 700 gawanya kwa 4 ni 175. Mara tatu, 525. Kwenye darubini ya milimita 900 hesabu ileile huzaa 675x, na kwenye ile ndogo ya milimita 360, yenye lenzi ya milimita 6 na kipande cha kunyoosha picha cha 1.5, huzaa 90x. Hesabu ni sahihi kila mara. Aliyeandika boksi hajasema uongo. Amechagua tu sentensi ya kutanguliza, akaipa rangi ya manjano.

Sentensi aliyoiacha nje ni kwamba darubini hukuza kwa manufaa mpaka takriban mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita. Kwa kioo cha 76, ukomo ni 152, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukivuka hapo, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, picha inafifia na kujaa ukungu, na hakuna alama mpya inayojitokeza. Halafu kuna dunia yenyewe, ambayo haikomi kuzunguka. Kwa 525x kipande cha anga kinachoonekana ni chembamba kiasi kwamba Mshtarii huingia upande mmoja wa lenzi na kutokea upande wa pili kwa sekunde 16 hivi. Mtoto wa kwenye jalada angelazimika kuacha kutabasamu na kuanza kukimbizana na sayari.

Kuhusu Zohali ya jaladani, angalia kwamba hakuna mahali palipoandikwa kuwa ilipigwa na darubini hii. Picha za namna ile hutoka kwa vyombo kama Cassini, kilichoizunguka Zohali kuanzia 2004 hadi 2017. Picha na chombo vimewekwa jirani, na ujirani ukafanya kazi ya sentensi. Zohali ya kweli kwenye kioo cha milimita 76 ni kitu kidogo kama punje ya mtama, cha rangi ya samli, chenye pete moja inayoonekana waziwazi. Ni kitu kizuri sana. Watu hupiga kelele wanapokiona mara ya kwanza. Kosa la jalada ni kumwandaa mtazamaji adharau kitu ambacho kingemfurahisha.

Habari yenye maana iko ubavuni, kwa herufi ndogo. F36050. 70076. 40070. Tarakimu zimegandamana bila mkato wala nafasi, na anayezisoma haraka hudhani ni namba ya akiba ya ghala. Zitenganishe: 360 na 50, yaani urefu wa fokasi milimita 360, kipenyo milimita 50. 700 na 76. 400 na 70. Viwanda vingine hugeuza mpangilio, kipenyo kikatangulia, kwa hivyo kumbuka kwamba kwa darubini hizi namba kubwa kati ya zile mbili ndiyo urefu wa fokasi. Gawanya kubwa kwa ndogo upate uwiano wa f: 360 kwa 50 ni f/7.2, 700 kwa 76 ni f/9.2. Kwa anayetaka kupiga picha, uwiano huu una uzito kuliko zile tarakimu za manjano, kwa sababu unamwambia mwanga utakusanyika kwa kasi gani kwenye sensa ya kamera. Tutaurudia.

Boksi zima, pande zote sita, mara nyingi halina neno hata moja kuhusu miguu. Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Toa darubini, isimamishe. Miguu mitatu ya alumini, myembamba, inavutwa na kufungwa kwa skrubu za plastiki. Katikati kuna kisahani cha plastiki cha kuwekea lenzi, na hicho ndicho kinachozuia miguu isitanuke. Juu, bomba linashikwa na uma, na uma una bolti moja ya kukazia. Sasa lenga mwezi. Ukiwa umeupata katikati ya lenzi, kaza bolti, uone bomba linavyolala kidogo na mwezi unavyotoka. Lenga juu zaidi ya pale unapotaka, kaza, bomba lilale, mwezi urudi. Gusa gurudumu la kufokasi: picha inaruka, inatikisika, inachukua sekunde kadhaa kutulia. Bado hujaweka simu. Simu ya leo ina uzito wa karibu gramu 200, nawe unataka kuining'iniza kwenye ncha ya bomba, mahali ambapo kila gramu huvuta.

Hicho kifaa kiliundwa kwa ajili ya jicho, na jicho lina subira na huchagua. Jicho husubiri picha itulie, likashika ile nusu sekunde iliyo safi, likasahau zilizobaki. Kamera haisahau. Kila kilichotokea wakati sensa iko wazi kinaandikwa, mtikisiko kwa mtikisiko. Ndiyo maana darubini inayomridhisha mtazamaji inaweza kumvunja moyo mpiga picha usiku uleule, juu ya paa lilelile.

Na mapaa yetu yana mambo yake. Anayepanga fleti karibu na Eneo la Viwanda la Thika hupandisha vifaa vyake juu, penye kamba za nguo na tangi la maji, kwa sababu chini kuna ukuta, taa ya geti na mbwa. (Zungumza na keateka mapema; mtu aliyejifunika blanketi saa sita za usiku akielekeza bomba juu ya nyumba za watu ana maelezo ya kutoa.) Pampu ya maji ikiwaka, slabu yote inanguruma. Malori ya Barabara ya Garissa yakipanda na mizigo, mtikisiko unafika. Jirani akitembea kwa ndala upande wa pili wa paa, darubini yenye miguu ya alumini inajua. Juu ya mabati ya viwanda yaliyochomwa na jua mchana kutwa, hewa inaendelea kupanda na kutetemeka saa kadhaa baada ya magharibi, na sayari iliyo upande huo inachemka kwenye lenzi. Ruiru nako mataa ya usalama huwaka mpaka alfajiri, na barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa 2012, imebeba mwanga wake hadi mlangoni petu. Vitu hivi havimo kwenye boksi kwa sababu vinatokana na mahali, na boksi liliandikwa bila mahali.

Kuna aina moja ya kitako cha kubebea bomba ambayo muuzaji atakuelekeza kwayo ukisema neno picha, nayo ni kitako cha ikweta, kile chenye mhimili uliolala kwa pembe, bomba upande mmoja na chuma cha kusawazisha uzani upande wa pili. Umbo lake tunaweza kulifuata hadi kwa Joseph Fraunhofer, Mjerumani aliyeitengenezea darubini kubwa Dorpat, leo Tartu nchini Estonia, mwaka 1824. Wazo lake ni safi: elekeza mhimili kwenye ncha ya anga, uuzungushe mara moja kwa siku kinyume na dunia, na nyota itasimama mahali pamoja. Lakini hilo ni umbo lililotungwa kwa watu wa kaskazini. Tartu iko zaidi ya digrii 58 kaskazini, kwa hivyo mhimili unapanda juu kwa fahari na chuma cha uzani kinaning'inia huru. Ulete Thika, digrii 1 kusini mwa ikweta. Mhimili unalala karibu bapa. Chuma cha uzani kinateremka moja kwa moja mpaka kinagonga mguu wa stendi. Baadhi ya vitako vya bei nafuu haviwezi hata kushuka hadi digrii 1, skeli inakoma mapema. Na Polaris, nyota ambayo kitabu cha maelekezo kinakuamuru uitumie kulengea, kwetu imezama kwenye upeo, nyuma ya vumbi na miti.

Kwa hivyo anayelipa zaidi Thika ili apate kitako cha ikweta kilichokuja pamoja na darubini ya bei ya chini amelipia, kwa sehemu kubwa, usumbufu. Nasema hivi nikijua kwamba miongozo mingi ya wanaoanza inasema kinyume. Iliandikwa kwa latitudo za wenyewe.

Sasa tuiache darubini tusome picha, maana picha ndiyo shahidi asiyehongeka. Nyota ni nukta. Ziko mbali mno. Hakuna darubini ya mtu wa kawaida itakayoonyesha uso wa nyota. Umbo lolote jingine ambalo nyota imelichukua pichani limetokana na kifaa, hewa au mkono wa mpiga picha. Kwa hiyo kila nyota iliyoharibika ni maelezo, na ukijifunza kuyasoma utajua ununue nini bila kumuuliza muuzaji.

Nyota zote zimekuwa vistari vifupi, sambamba, vya urefu unaokaribiana: dunia imezunguka huku kamera imesimama. Hapo hukukosa lenzi kali, umekosa kitu cha kufuata. Wapiga picha wana kanuni ya kukisia: gawanya 500 kwa urefu wa fokasi, upate sekunde unazoweza kuacha kamera wazi kabla vistari havijaonekana. Lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde 10. Kwenye kamera za sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi za mtumba, ni sita au saba. Darubini ya milimita 700 haikupi hata sekunde moja. Na Jabari, kundinyota ambalo kila mwanafunzi analitaka kwanza, liko juu ya ikweta ya anga, mahali ambapo nyota hukimbia kwa kasi kuliko kwingineko kote, kwa hiyo vistari vyake ndivyo virefu zaidi.

Kama vistari vimejipinda kuwa matao yanayozunguka sehemu moja ya picha, hadithi imebadilika. Kitako chako kinafuata nyota, juu na chini, kulia na kushoto, lakini fremu yenyewe inageuka polepole. Ni ugonjwa wa vitako vyote vya kiwima na kimlalo, na nitaonyesha baadaye kwa nini Thika tuna kinga dhidi yake ambayo wenzetu wa mbali hawana.

Nukta yenye kimkia kilichokunjamana mwanzoni, kila nyota na mkunjo uleule, ni kidole chako. Umebonyeza kamera kwa mkono. Dawa yake ni bure, tumia kipima muda cha sekunde 2 au 10. Nyota zilizojirudia mara mbili, nukta na pacha wake, ni pigo moja katikati ya picha: lori, pampu, mlango. Pete tupu, yenye shimo katikati, ni fokasi iliyokosewa, na kwa darubini ya vioo, aina ya Newton, shimo hilo ni kivuli cha kile kioo kidogo cha ndani. Nyota za pembeni zenye mbawa huku za katikati zikiwa safi zinatokana na lenzi iliyofunguliwa mpaka mwisho; ifunge hatua mbili. Mzingo wa zambarau kuzunguka nyota angavu ni alama ya darubini ya lenzi mbili za kawaida, ambazo haziwezi kukutanisha rangi zote mahali pamoja, na huo hauondoki kwa kujitahidi. Ukiuona, jua umefika mwisho wa kile ambacho kioo hicho kinaweza.

Ninapendekeza jambo ambalo muuzaji hatalipenda. Kabla ya kununua chochote, weka simu yako juu ya ukuta wa paa, kioo chake cha nyuma kikitazama juu, weka hali ya picha za usiku, kipima muda sekunde 10, uondoke. Kisha kuza picha uliyopata mpaka nyota zionekane moja moja na uzisome. Utashangaa jinsi kasoro za kwanza zinavyohusu kusimama na kugeuka, na jinsi zisivyohusu ukuzaji.

Linganisha sasa vifaa viwili vyenye kipenyo kimoja. F36050, mwanasesere anayeuzwa kwa shilingi elfu chache, ana lenzi ya mbele ya milimita 50. Seestar S50, darubini janja iliyotolewa na kampuni ya ZWO mwaka 2023, nayo ina lenzi ya mbele ya milimita 50. Ya kwanza itakuonyesha mabonde ya mwezi na miezi minne ya Mshtarii. Ya pili, ikiwa imewekwa paani ukiwa chumbani na simu yako, itakutolea wingu la gesi la Jabari likiwa na rangi zake. Shimo la kuingizia mwanga ni lilelile. Tofauti iko kwenye mambo ambayo boksi la kwanza halikuyataja: lenzi iliyorekebishwa rangi, sensa iliyofungwa pasipo kulegea, mota inayofuata, na programu inayopiga picha fupi za sekunde 10 kwa mamia na kuzirundika. Kurundika huko si uchawi. Picha mia moja zikijumlishwa na kutafutiwa wastani, mikwaruzo ya sensa hupungua mara kumi, kwa sababu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Seestar hiyo iliingia sokoni kwa dola 500 hivi, yaani zaidi ya shilingi 60,000 kabla ya usafiri na ushuru. Si pesa ndogo kwa mtu wa mshahara wa kiwandani. Ila umbo la kifaa ni la kweli: pesa zimeenda pale kazi ilipo.

Na hapa ikweta inatupa fadhila. Seestar na wenzake kwa kawaida hufuata kwa wima na mlalo, kwa hiyo fremu hugeuka. Kasi ya kugeuka hutegemea ulipo na unapotazama. London, Jabari likiwa kusini, fremu hugeuka digrii 11 kwa saa. Thika, Jabari huchomoza mashariki kamili, hupanda karibu wima, hupita utosini na kuzama magharibi kamili. Wakati wingu lake liko katikati ya safari ya kupanda, fremu hugeuka digrii mbili au tatu tu kwa saa. Kwa picha za sekunde 10 au 30 ni kana kwamba hakuna kinachogeuka. Likikaribia utosini mambo huharibika, kwa hivyo anza mapema, pumzika linapopita juu, kisha uendelee likiwa linateremka.

Asiye na 60,000 ana njia nyingine, na mimi naiona kuwa ndiyo fani bora kuliko zote kwa Eneo la Viwanda. Ni traka (kifaa cha kufuata nyota) ya mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, iliyochapishwa na George Haig wa Scotland mwaka 1975. Ubao wa chini umekaa, ubao wa juu unabeba kamera, na bolti inayopenya ubao wa chini inausukuma wa juu polepole. Tumia bolti ya M6, ambayo uzi wake husonga milimita 1 kwa kila mzunguko, na uiweke milimita 229 kutoka kwenye mstari wa bawaba. Ukiizungusha mara moja kwa dakika, robo kwa kila sekunde 15, ubao unafunguka kwa kasi ileile ambayo anga inageuka. Hakuna mota wala betri. Saa ya ukutani inatosha.

Kule Ulaya kifaa hiki hukaa kimeinama, bawaba imeelekezwa juu kwenye Polaris, na kamera inataka kuanguka. Kwetu kinalala mezani. Bawaba ielekee kaskazini na kusini kwa dira, iwe upande wa magharibi, na bolti iwe upande wa mashariki, ili ubao wa juu ukipanda kamera igeuke kufuata nyota zinazoelekea magharibi. Weka pimamaji. Kisha, kwa kuwa Thika iko digrii 1 kusini mwa ikweta, inua ncha ya kusini kidogo: kwa ubao wa sentimita 30, kipande cha plaiwudi cha milimita 5 kinatosha. Hiyo ndiyo kazi yote ya kulenga ncha ya anga ambayo wa kaskazini huihangaikia robo saa. Mafundi wa jua kali wa Thika wanaochomelea mageti na kukata bawaba kila siku hawahitaji kuelezwa mara mbili, mradi uwape kile kipimo cha 229 na usiwaruhusu wakizungushe kuwa 230 kwa mkono wa haraka. Kwa lenzi ya milimita 50 hata kosa hilo dogo litavumilika. Kwa lenzi ya 200 hujitokeza mapema zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia lenzi ndefu.

Juu ya ubao huo weka kamera ya DSLR ya mtumba, iwe Canon au Nikon ya miaka kumi iliyopita, yenye lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, lenzi ya plastiki ambayo ni miongoni mwa za bei ya chini kabisa katika ukoo wake. Hapa turudi kwenye ule uwiano. F36050 ni f/7.2. 7.2 ni mara nne ya 1.8, na mwanga unaofika kila sehemu ya sensa hufuata mraba wa tofauti hiyo: lenzi ya mtumba hujaza sensa mara 16 haraka zaidi. Tundu lake la mwanga lina kipenyo cha milimita 28 tu, karibu nusu ya lile la mwanasesere. Soma tena jalada la boksi ukiwa na hesabu hiyo mkononi. Kwa kazi ya kupiga picha za makundinyota, Kilimia, na Njia Nyeupe, namba iliyochapwa kwa manjano haina sehemu yoyote.

Ninakiri upande wa pili wa hoja: mwezi na sayari. Hapo lenzi ya milimita 50 ni bure. Mwezi kwenye sensa una upana wa takriban sehemu ya 115 ya urefu wa fokasi, kwa hiyo lenzi hiyo inakupa kimwezi kisichofika nusu milimita, wakati darubini ya 700 inakupa milimita 6. Anayependa mwezi kuliko mawingu ya nyota anunue kioo, na anunue kile kilicho kwenye sanduku la mbao badala ya miguu ya alumini, umbo lililoenezwa na John Dobson huko San Francisco: msingi mzito unaozunguka, bomba linaloegemea, hakuna bolti ya kukaza. Zipo ndogo za mezani kama Sky-Watcher Heritage 130P, kipenyo 130, fokasi 650. Shika simu kwenye lenzi ya jicho kwa kibano chake, piga video ya mwezi badala ya picha moja, kisha programu za bure kama AutoStakkert zichague fremu zilizotulia. Lakini usiinunue ukidhani utafunga DSLR: vioo vingi vya Newton vya bei nafuu havimalizii fokasi kwa kamera, kwa sababu sensa iko ndani sana kuliko jicho. Hilo nalo halimo kwenye boksi.

Neno moja la hatari, fupi. Baadhi ya maboksi huja na kichujio cheusi kidogo kilichoandikwa jua, cha kukaza kwenye lenzi ya jicho. Kitupe. Kinakaa pale joto lote linapokusanyika na kinaweza kupasuka jicho likiwa hapo. Kichujio cha jua hukaa mbele ya bomba, au hakuna kulitazama jua.

Mwanga wa viwanda hautakuzuia kwa mwezi, sayari, Kilimia wala wingu la Jabari. Utakuzuia kwa Njia Nyeupe. Kwa hiyo siku ukiwa na gari na wenzako, fuata Barabara ya Garissa kuelekea mashariki. Kila kilomita baada ya Kilimambogo giza linazidi kukomaa. Usiende peke yako. Na kama hujawahi kuona chochote kupitia chombo kizuri, tafuta kwanza shughuli za wazi za The Travelling Telescope, mradi wa Susan Murabana wa Nairobi unaozungusha darubini mashuleni na kwa umma. Dakika mbili kwenye kioo kikubwa zitakuonyesha ni kipi cha kutarajia, na zitaokoa pesa nyingi.

Basi hukumu yangu ni hii. Katika bajeti ndogo, nunua kwa mpangilio unaokwenda kinyume na jalada: kwanza kinachosimama, pili kinachogeuka, tatu sensa, na kioo mwisho. Ubao, bawaba na bolti. Kamera ya mtumba na lenzi ya 50. Programu za Siril au DeepSkyStacker, ambazo hazilipiwi. Darubini ije baada ya hapo, na ije kwa sababu picha zako zimekuambia umefika ukomo. Msimu nao hausubiri: Juni hadi Agosti mawingu ya baridi hutufunika, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ni mvua. Katikati ya Januari Jabari hupita utosini mwa Thika saa nne na nusu usiku, na katikati ya Februari saa mbili na nusu. Mpelekee fundi kipimo chake kabla ya Krismasi, maana baada ya hapo atakuwa amekwenda ushago.